Jabali Hakusema Neno

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji yangu, na wanangu wote hapo nyumbani. Nilifurahi kusikia kwamba mguu wa shemeji umepona na kwamba anakwenda kazini bila fimbo. Mwambie asijifanye kijana. Ngazi azipande polepole. Mwanao mkubwa alinipigia simu kunieleza matokeo ya mtihani wake. Alisema amefaulu vibaya sana. Nilimpongeza, kisha nikamwonya kwamba mtu hafaulu vibaya, hufaulu vizuri. Akacheka mpaka simu ikakatika. Mimi sikuwa nikifanya mzaha.

Ukiniuliza habari za huku, ningependa kukujibu kama tulivyofundishwa, kwamba sisi sote hatujambo. Sitaandika hivyo. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Kaka yako si mzima, na barua hii inamhusu yeye kuliko inavyonihusu mimi.

Unajua kwamba ana uvimbe kooni. Nisilokueleza kwa simu, kwa sababu simu huzungumzwa sebuleni na yeye hukaa sebuleni, ni kwamba daktari anataka kukitoa kisanduku chote cha sauti. Kaka yako akipasuliwa, ataishi, lakini sauti ile hatutaisikia tena. Asipopasuliwa, tutaizika sauti pamoja na mwenyewe. Daktari, ambaye ni mama wa makamo asiyependa kuzungushazungusha maneno, alituambia hayo huku akivua glavu. Kaka yako alimwuliza kama hakuna njia ya katikati. Daktari akasema njia ya katikati ilikuwepo siku ya kwanza alipokuja, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeipita.

Ni kweli aliipita. Kwa mtu mwingine uamuzi huo usingekuwa mgumu, lakini huyu ni Tarumbeta. Wewe ulikuwa mdogo mno, hukumbuki jina hilo lilikotoka. Mama alikuwa akimtuma mlangoni kutuita tuje kula, naye alipoita, walikuja na watoto wa jirani. Alipokuwa mnadi wa fanicha kuukuu, watu walinunua kabati zisizofunga milango kwa sababu yeye alizisifu. Msimamizi wa studio alipita hapo siku moja, akamsikia akinadi kitanda cha miguu mitatu, akasimama mpaka kitanda kikauzwa. Kesho yake kaka yako akaingizwa studioni. Tangu hapo amekuwa Jabali.

Sijui kama huko kwenu filamu hizo huonyeshwa kwa Kiswahili. Jabali ni yule shujaa wa mwili wa jiwe, mwenye kinyago kinachomficha kuanzia pua hadi kidevu, anayebeba madaraja mgongoni watu wapate kuvuka. Wenye filamu wako mbali, nao huileta kwetu ili tuitie sauti za Kiswahili. Mimi nilichukuliwa baada ya kustaafu ualimu, nirekebishe sentensi, kwa sababu katika filamu ya kwanza Jabali alizungumza kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Basi ikawa mimi naandika, kaka yako anasema. Studio yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, kuta zake zimefunikwa kwa magodoro ya sifongo. Wakati wa kurekodi feni huzimwa ili mlio wake usiingie. Ndiyo maana Jabali, ambaye katika picha hutembea juu ya barafu, kwa Kiswahili huwa amevua shati na jasho linamtiririka.

Daktari alipomwambia mara ya kwanza kwamba uvimbe ule si wa kuchezea, filamu mpya ilikuwa imekwisha kufika studioni. Kaka yako aliomba aimalize kwanza. Sababu yake ilikuwa moja, nayo nitakueleza, maana bila hiyo utamwona mpumbavu.

Karibu na mwisho wa filamu hiyo Jabali alisimama juu ya daraja lililovunjika, mbele ya watu wa mji uliomchukia, akawahutubia. Katika filamu zote zilizotangulia alikuwa akisema maneno mawili matatu na kurusha ngumi. Safari hii alipewa maneno ya kweli. Aliwaambia kwamba hakuwahi kuwazidi nguvu, ila mgongo wake ulikuwa umezoea. Aliwaambia kwamba amechoka. Akaomba ajitokeze mtu mmoja tu, amshikie daraja hilo kidogo, ili naye akae chini. Niliyaandika maneno hayo, nikayafuta, nikayaandika upya, mpaka nikahisi kwamba hakuna hata moja la kuondoa. Kaka yako aliyasoma mara mbili. Kisha akaniambia kwamba amekuwa akinguruma miaka yote hiyo akisubiri ukurasa huo.

Tuna desturi kazini. Maneno hurekodiwa kwanza, miguno mwisho, yaani zile sauti za kupigwa, kuanguka, kuinua mizigo na kuhema, kwa sababu miguno huchubua koo. Kaka yako aligeuza utaratibu. Alisema Jabali anahutubia akiwa ametoka vitani, hawezi kuwa na sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Akaguna kutwa nzima, kisha ndipo akahutubia. Fundi sauti alisimamisha mashine alipoona damu kwenye leso. Kaka yako akampungia mkono kwamba aendelee. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, nimevaa vipokea sauti, nami sikumwambia aache. Niliyasikia maneno yangu yakitoka kama nilivyoyasikia moyoni nilipokuwa nikiyaandika, na hilo halikuwahi kunitokea darasani wala mahali pengine popote.

Tulifanya kosa ambalo ni watu wa kazi yetu pekee wanaoweza kulifanya. Tuletewacho si filamu. Ni nakala ya kazi, ambayo bado inakatwakatwa huko inakotengenezwa. Picha yake imefifishwa ili isiibiwe, na mara nyingi mashujaa huruka mbele ya pazia la kijani kwa sababu anga haijatiwa. Sisi tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo tuliiamini nakala ile kana kwamba imekwisha kupigwa muhuri.

Filamu ilipotoka, kaka yako alikataa tiketi za bure za studio. Alitaka kukaa na watu, asikie watakavyonyamaza. Alipiga pasi shati lake jeupe, akanihimiza nivae viatu vya kutokea, na kwa jinsi tulivyopendeza, mkata tiketi alituuliza kama tumekosea ukumbi, kwa kuwa filamu ya wazee ilikuwa ghorofa ya chini. Kaka yako akamjibu kwamba huyu bibi ndiye mpenzi mkubwa wa ngumi, yeye amemsindikiza tu. Sikumkanusha. Alikuwa na furaha kama bwana harusi.

Sasa nikueleze filamu. Miji mitatu inabomolewa na hakuna anayeonekana akifagia. Adui anataka kuzima jua, lakini hasemi akilizima ataona kwa taa gani. Mashujaa wengine watatu kutoka filamu nyingine wanaingia bila hodi, hawasalimii, wanapigana, wanaondoka. Kelele zilikuwa nyingi hata kiti changu kilitetemeka. Nilijiambia nivumilie, tufike darajani.

Tukafika. Daraja likavunjika, watu wa mji wakakusanyika, Jabali akageuka kuwatazama. Kaka yako alinishika mkono. Muziki ukapanda. Jabali akaguna mara moja, akaruka, akaenda zake.

Hakusema neno. Nilidhani vipaza sauti vimeharibika. Kijana mmoja nyuma yetu aliwauliza wenzake Jabali leo amekula nini, mbona anaguna kama mtu aliyefunga choo. Safu nzima ikaangua kicheko. Kaka yako naye alicheka, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya kukosa la kufanya. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka akamwambia, kwa heshima lakini kwa ukali, mzee wangu, nenda nje ukanywe maji, wengine tumekuja kumsikiliza Jabali. Kaka yako aliinamisha kichwa na kumwomba radhi. Aliiomba kwa sauti ileile ambayo mama yule alikuja kuisikiliza, naye hakuitambua.

Baadaye fundi sauti alinieleza yaliyotokea. Wenye filamu waliona imekuwa ndefu, wakaikata hotuba katika lugha zote ili wale mashujaa watatu wapate nafasi. Nakala kamili ilimfikia siku chache tu kabla ya maonyesho. Alikuwa na hotuba ya kaka yako mikononi, na hapakuwa tena na picha ya kuitilia. Alisema alinyanyua simu mara nyingi atuambie, akakosa moyo. Sikumgombeza. Alikuwa karibu kulia, naye ni baba wa watoto wakubwa.

Pale ukumbini niliinuka ili tuondoke. Kaka yako hakuinuka. Alisema siku hizi baada ya orodha ya majina huwekwa kipande kidogo cha kuonjesha filamu ijayo. Tukabaki sisi na wafagiaji, majina yakipanda. Kweli, kipande kikaja. Jabali yuko peke yake kwenye jabali lenzake, upepo unavuma. Anapeleka mkono usoni, anakivua kinyago. Kwa mara ya kwanza tukaiona midomo yake. Ikafunguka, kama mtu anayevuta pumzi aanze kusema, na hapo picha ikakatika.

Nilimgeukia kaka yako nikauona uso wake. Ulikuwa umewaka. Aliniambia hiyo sasa ndiyo filamu yenyewe. Hii tuliyoiona ilikuwa ya kupisha njia. Kama wamekivua kinyago, basi wanakusudia aseme.

Tangu siku hiyo alizungumzia filamu zijazo tu. Akinywa chai, filamu. Akinyoa ndevu, filamu. Alikuwa amekwisha kuitunga nzima. Jabali anarudi mji ule kutengeneza madaraja aliyoyavunja, hakuna mlipuko hata mmoja, na mama yake mzazi, ambaye ni kipofu, anamjua kwa namna anavyoomba maji. Nikamwambia kwamba hakuna atakayetoa fedha kutengeneza filamu ya shujaa anayeomba maji. Akaniambia nisubiri nione. Alitumaini pia kwamba studio yetu itapewa ile ya mwanamke anayesimamisha mvua, ambayo inasemekana ina mazungumzo mengi, na kwamba mimi nitaandikiwa mkataba wa peke yangu, niache kulipwa kama kibarua. Sauti yake wakati huo ilikuwa imekwisha kupasuka. Ilitoka kama nguo inayochanwa. Yeye alisema ndivyo hasa Jabali asiye na kinyago anavyopaswa kusikika.

Siku ya upasuaji ilipopangwa, alikataa kutia sahihi. Alimwambia daktari kwamba atarudi akishairekodi filamu ijayo. Daktari akamwambia akishairekodi hatahitaji kurudi. Nyumbani tuligombana kama hatujawahi kugombana. Nilimwambia maiti haiwekewi kipaza sauti. Akanijibu jambo ambalo silisahau. Aliniuliza, "Dada, Jabali asiye na neno si ndiye mimi siku ile ukumbini? Uliniona? Nilikuwa hai?"

Nikajikaza, nikaenda studioni peke yangu. Nilitaka kumwuliza msimamizi filamu ijayo itafika lini, nijue tunashindana na muda gani. Msimamizi alinivutia kiti, akaufunga mlango, akaanza kuniita mama, mama, nikajua hakuna jema. Alisema maelekezo yamekwisha kuja. Katika kipande kile Jabali anavua kinyago si ili aseme, bali ili amkabidhi kijana. Filamu zijazo zote ni za kijana huyo. Wenye filamu wameagiza sauti mpya, changa, katika kila nchi, na ya kwetu imekwisha kuchaguliwa. Alisema si wao, ni wale wa mbali. Aliniomba nimweleze kaka yako kwa upole, kwa kuwa yeye hana ulimi wa kufanya hivyo.

Nilirudi kwa miguu ingawa magoti yalikuwa yakiniuma. Nilikuwa nikipanga sentensi. Hivi ndivyo nilivyofanya sikuzote: nikiwa na habari ngumu, huitafutia sentensi fupi na sahihi, kisha huisema. Niliipata. Nilipofika, kaka yako alikuwa amekaa jikoni akijaribu kumeza uji, mkono mmoja ukishika koo kama mtu anayesaidia mzigo upite. Aliniuliza studioni wanasemaje.

Mdogo wangu, nilimdanganya.

Nilimwambia kwamba filamu imeahirishwa kwa miaka miwili. Nilimwambia watu wameilalamikia hii iliyotoka, na wenye filamu wameona haya, wanaiandika upya inayofuata, nayo ina maneno kuliko zote. Nilimwambia msimamizi ameahidi kwamba Jabali ni yeye na hakuna mwingine, na kwamba watamngoja apone. Hayo yote yalitoka kinywani mwangu bila kukwama, yakiwa yamepangwa vizuri, kana kwamba nilikuwa nikisoma.

Aliweka kijiko chini. Aliniuliza, "Wamesema wataningoja?" Nikamwambia wamesema.

Kama maneno hayo angeambiwa na fundi sauti, au na msimamizi, au na wewe, angehoji. Angepiga simu studioni. Lakini yalitoka kwangu, na katika maisha yake yote sijamwambia jambo lisilo kweli, hata lile la kumtuliza mtoto. Hata mama alipofariki, mimi ndiye niliyemwambia, kwa sentensi moja. Kwa hiyo aliamini palepale. Alihesabu kwa vidole. Akasema miaka miwili inatosha; amesikia wapo watu waliotolewa sauti wakafundishwa kuzungumza upya kwa kifaa kinachowekwa shingoni. Sauti yake huwa ngumu, haina mawimbi, watu huiogopa. Akatabasamu. Akasema kwani jiwe linazungumzaje?

Kesho yake alitia sahihi. Daktari alinitazama kama anayeuliza nimefanyaje, nami nikaangalia dirishani.

Sikuandikii ili unihukumu wala ili unisamehe. Yuko hai kwa sababu ya uongo, au atakuwa hai Mungu akijalia, nami ningeusema tena. Lakini ninajua siku itakuja ambapo picha ya kijana yule itabandikwa ukutani pale kituoni, na kaka yako atapita hapo. Atarudi nyumbani, atachukua karatasi, kwa sababu hatakuwa na njia nyingine, na ataniandikia swali. Siku hiyo nitamjibu ukweli. Sijui kama ataniamini, na sijui kama ataniamini tena katika jambo lolote.

Upasuaji ni Jumatano. Ombi langu kwako ni dogo. Mpigie simu kabla ya hapo. Hutakiwi kusema lolote lisilo kweli. Sitaki uongo huu uwe wa watu wawili. Mwulize tu habari za filamu ijayo, naye atakusimulia yote, daraja, mama kipofu na maji. Itachukua muda, maana anapumzika kila baada ya maneno machache, na mengine utayakosa. Usimwambie ajipumzishe. Usilie akasikia. Hata usipoelewa, usimkatize.

Wape wanangu salamu zangu, na shemeji mwambie nimemkumbuka. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu, na anauliza kama lile vazi lilikutosha. Nikijaliwa, nitakuandikia tena upasuaji ukishapita.

Ni mimi, anayekupenda,

Dada yako mkubwa